Vikaratasi Vitano Ndani ya Kopo

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Macho yanaendeleaje? Na daktari wa Bungoma alisemaje? Mimi ni mzima, bado nalinda mlango wa jengo lile lile hapa West Bay, huku Uarabuni, na joto limepungua, siku hizi hata shati linakauka mgongoni. Nekesa dada yangu, msomee Mama polepole, na usiruke mahali panaponiaibisha.

Mama, juzi kwa simu uliniuliza, "Wewe mwenye vikaratasi vitano umeshindwaje na mtu wa kimoja?" Nimelifikiria hilo swali mpaka nimelipenda.

Hili jambo nililileta mwenyewe. Kuna mzee Mmarekani wa ghorofa ya kumi na tisa, hupenda kusimama kwa dawati langu kupiga stori. Kwao, eti, huwezi tu kubeba bunduki ukawinde. Unaomba kibali, majina yanapigiwa kura ya bahati nasibu. Ukikosa unapewa pointi, na mwaka unaofuata jina lako linaingia mara mbili. Ukikosa tena, mara tatu. Ukipata, unaanza upya. Yeye amengoja paa mmoja wa mapembe makubwa miaka kumi na moja! Nilicheka, Mama. Mtu mzima, pesa anazo, anangoja nyama miaka yote hiyo!

Nikaipeleka akili hiyo kwa supavaiza wetu. Sisi askari ni ishirini na wanne, nafasi ya kwenda nyumbani Krismasi ni moja, na kila mwaka kila mtu alikuwa anatia karatasi moja kwenye kopo la maziwa. Akasema kwa Kiarabu chake, "Khalas, basi, tufanye hivyo." Miaka yetu ya kukosa ikahesabiwa. Mimi nimekosa mara nne, nikapata vikaratasi vitano. Ndipo nikakupigia simu kukwambia umfunge jogoo. Ujinga wangu ni huo: nilihesabu vyangu, sikuhesabu vya wenzangu. Barasa peke yake alikuwa na saba. Kopo zima lilikuwa na themanini.

Supavaiza akatia mkono. "Wekesa!" Wekesa wa Chwele, amefika hapa mwezi wa nne tu! Nilimpongeza, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo. (Nekesa, soma hapo pia.)

Sasa jaribu hivi, Mama. Hesabu maharagwe themanini kwenye sufuria, matano yawe mekundu, funga macho uchote moja. Zamani nilikuwa mmoja kwa ishirini na nne. Kwa pointi nikawa mmoja kwa kumi na sita. Zilinisogeza, hazikunifikisha. Na ya Wekesa ilikuwa nafasi ndogo, lakini ilikuwemo humo koponi.

Nikamuuliza Mmarekani, mwakani je? Akachukua kalamu yangu. Nitakuwa na sita, lakini wote waliokosa wanaongezewa pia, kopo litafika mia moja na tatu. Ala! Kumbe nafasi yangu inarudi nyuma! Naongezewa huku napungukiwa. Akaniuliza, "Mama yako anataka Krismasi, au anakutaka wewe?"

Alisema kweli, Mama. Wewe ulisema unataka kuuona uso wangu kabla macho hayajafunga. Krismasi hukuitaja hata siku moja, ni mimi niliyeona aibu kufika kwetu siku ambayo hakuna sherehe. Februari haina kopo, maana hakuna anayeitaka. Nimeiomba mimi, na jana supavaiza ametia sahihi. Nisubirini, wewe na macho yako.

Msalimie mjomba anayekupeleka hospitali, na mke wa kaka anayekuchotea maji. Mungu awabariki.

Aliyekuletea barua hii kwa mkono wake ndiye Wekesa mwenyewe. Usimkunjie uso, hana kosa. Mkaribishe, mchinjie yule jogoo wangu, ale ashibe. Ila firigisi, unajua ni ya mwenye nyumba. Usimpe. Mwambie kuku wa kwetu hawana.

Mwanao wa Februari,
Wafula