Wali Mtupu wa Mama
Same, Jumamosi

Mama yangu ameshuka kutoka Myamba kuja kunisalimia, na mimi nikamlisha wali mtupu!

Kwenye ule mgahawa mpya unachagua mwenyewe cha kuwekewa kwenye sahani. Dada wa kaunta akamwuliza, nyama? "Asante mwanangu, inatosha." Maharage? Mchuzi? "Inatosha." Kwetu mgeni hakubali mara ya kwanza, anasubiri abembelezwe. Yule dada angejuaje?

Mama akanigeukia. Mimi nilijua. Lakini nyuma yetu kulikuwa na foleni, nikaona aibu, nikajifanya nasoma simu.

Aliumaliza wote, akishushia na maji. Jioni akapiga: "Nimefika salama. Chakula kilikuwa kitamu, Mungu akubariki."

Kwake hata mpita njia anabembelezwa mpaka ale.