Jina la Ishmael Kwenye Bati

Laini Saba, Kibera
Jumapili, 17 Novemba 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Ndululu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Syombua, ambaye ananichungulia begani hapa ninapoandika na kusema mwandiko wangu umeanza kufanana na wa daktari. Sisi tu wazima kabisa. Mvua imetunyeshea wiki nzima na matope yamefika mlangoni, lakini nyumba haivuji, na kazi ipo. Nimeshaanza kukata bati za masanduku ya wanafunzi wa Januari, kwa hiyo ukisikia Nairobi inapiga kelele, ujue ni nyundo yangu. Nanyi je, ndengu zimeota vizuri? Goti lako limepoa? Na macho ya Mama, yale matone ya hospitali yamesaidia, au bado anawasalimia mbuzi akidhani ni wageni? Mwambie ninamtania, asikasirike.

Utashangaa kupata barua wakati simu iko. Ni kweli iko, lakini wewe kwenye simu una mchezo wako. Nikianza neno zito tu, unaniambia mtandao ni mbaya, unakata. Barua haikatiki. Nimempa binamu yetu Kasyoka ailete mkononi, na ninakuomba uisome kwa sauti mbele ya Mama, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mstari. Kasyoka anajua ni kurasa ngapi, nami nimemwagiza asinyanyuke hapo mpaka ya mwisho isomwe.

Kwanza nikiri kosa dogo, ili Mama azoee. Mwaitu, mama yangu, mimi nakula samaki. Najua umetulea ukisema hao ni nyoka wa majini na kwamba Mkamba mwenye akili hali kitu kisichokuwa na miguu. Wa kulaumiwa ni jirani yangu Oyoo, ambaye hukaanga samaki hapa karibu na reli. Mwaka ule nilipougua na Syombua alikuwa huko nyumbani, Oyoo alinilisha siku tisa bila kuniuliza kitu. Mgonjwa hachagui. Nilipopona nilikuta nimeshazoea, na mpaka leo ninamshukuru.

Kutoka kula nikaingia kuvua. Kule Riruta Satellite, kuna mzee anayeitwa Muchiri, mwenye nyumba nyingi za kukodisha Kawangware. Kwenye shamba lake kuna shimo la zamani la kuchimba mawe lililojaa maji, naye akatia kambare ndani. Jumamosi watu hulipa kidogo getini na kuvua. Sheria ni chache. Mdogo anarudishwa majini. Mkubwa unaweza kuondoka naye, lakini akishavuka geti harudi tena, hata awe hai, maana Mzee Muchiri anaogopa magonjwa ya nje. Na mizani iko nje ya geti, kwenye bucha ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo anayetaka samaki wake apimwe amekubali awe kitoweo.

Kwenye ukuta wa kibanda ambapo Mama Waithira, mke wa Muchiri, huuza chai, kuna kipande cha bati chenye rangi nyekundu. Kimeandikwa jina la aliyevua samaki mkubwa kuliko wote: Ishmael, kilo tisa na nusu, 2005. Miaka kumi na tisa hakuna aliyelifuta.

Huyo Mzee Ishmael ndiye mwalimu wangu. Anaishi peke yake katika chumba kimoja Kawangware, nyonga imeharibika, anatembea na fimbo. Lakini pale bwawani, kaka, anaitwa Champion. Ana kiti chake cha mbao ambacho hakikaliwi na mtu. Chai yake hufika kabla hajaagiza, na getini halipi. Mimi nilipofika mara ya kwanza na ndoano niliyoitengeneza kwa spoku ya baiskeli, kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Aliniita, akanikalisha, akanifundisha fundo, chambo, na namna ya kusubiri bila kununa. Kwa miaka minne amenifundisha bure, na si mimi tu. Kijana yeyote anayeingia na kamba yake, Mzee humwita. Nilidhani ni moyo mwema tu. Moyo mwema ulikuwepo, lakini kulikuwa na jingine nitakalokueleza.

Jumamosi ya wiki iliyopita, baada ya mvua kubwa, nilinasa kitu nikadhani ni gunia la mchanga. Kisha gunia likaanza kutembea. Oyoo, ambaye alikuwa amenisindikiza, alianza kupiga kelele za kunielekeza na kunichanganya. Mzee Ishmael akamwambia anyamaze, akaniambia nisimvute, nimwache achoke, kwani hata mimi nikiburutwa nitakataa. Ilichukua karibu saa nzima. Mwisho Mzee mwenyewe aliinuka kwenye kiti na nyonga yake ile, akaingiza wavu majini, tukamtoa pamoja.

Alilala kwenye nyasi, mweusi, anachezesha ndevu. Unajua mimi hukata bati kwa macho, bila futi. Samaki yule asingeingia kwenye sanduku la mwanafunzi hata umkunje mkia. Oyoo, aliyezaliwa kati ya samaki, alimnyanyua kidogo, akaapa kwamba kama si kilo kumi na tatu basi yeye aache kazi ya kukaanga. "Maze Muia, hiyo ni rekodi! Peleka bucha saa hii!" Watu wakaanza kukusanyika. Mzee Muchiri mwenyewe akaja na kikombe chake mkononi.

Nitakwambia kweli, nilitaka. Nilishaona jina langu kwenye bati. Nilishaona picha nitakayokutumia, na wewe ukienda nayo sokoni kuwaonyesha watu kwamba mdogo wako amekuwa mtu. Halafu nikatazama kile kiti cha mbao. Nikafikiria Jumamosi inayofuata, Mzee anafika getini na kuambiwa alipe, anakaa na kusubiri chai mpaka aitishe. Kila mtu ana kitu kimoja tu kinachomfanya asalimiwe, na cha yule mzee kilikuwa kwenye kile kipande cha bati. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika cha kukifutia, tena kwa ujuzi alionipa yeye.

Mzee Ishmael akaniambia nimpeleke mizani. Sauti ilimtetemeka. Akasema tena, haraka kijana, kabla hajakauka. Nikajua anajikaza tu, kama mwanamume. Basi nikamkumbatia yule kambare kifuani, nikageuka, nikaelekea majini badala ya getini. Mzee aliangusha fimbo akanishika shati, anasema hapana, hapana, Muia, usifanye hivyo. Hata hapo nikadhani anakataa kuonewa huruma. Nikachutama, nikamwachilia. Alikaa kidogo miguuni pangu kama anayefikiria, kisha akazama. Oyoo alishika kichwa akakaa chini kwenye matope, na hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Lakini Mzee Ishmael alikuwa analia. Kaka, nilifurahi, nikidhani ni machozi ya shukrani. Hapo ndipo ujinga wangu ulipofikia.

Aliniomba nimsindikize nyumbani. Njiani alipumzika kwenye benchi nje ya duka la mboga, akaniambia neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Yule samaki wa mwaka 2005 hakuvuliwa bwawani. Alimnunua sokoni Gikomba. Wakati ule alikuwa amevua miezi minane bila kupata hata wa kiganja, na watu walimcheka sana. Akaona awalipize. Kambare ni mgumu kufa, kwa hiyo akamleta akiwa hai ndani ya gunia lenye maji, akamtia ndoano pembeni, kisha akapiga kelele watu waje. Alikusudia iwe utani, awaambie jioni ile ile wacheke wote. Lakini Mzee Muchiri kwa furaha alishampeleka samaki kwenye mizani, akaandika jina na kuwanunulia watu wote soda. Mama Waithira alipiga vigelegele. Ishmael akasema moyoni kwamba atawaambia kesho. Kesho ikaja na chai ya bure.

Tangu hapo, aliniambia, ameomba kitu kimoja: mtu avue samaki mkubwa zaidi, wa kweli, ili ule uongo ufutwe bila yeye kufungua mdomo. Ndiyo sababu anamfundisha kila kijana anayeingia. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufaulu. Nikamshika mkombozi wake kifuani na kumrudisha majini, kwa heshima! Nilimwomba msamaha pale pale kwenye benchi. Akacheka huku machozi bado yanamtoka, akasema kosa si langu, kwamba labda Mungu amechoka na hila zake za kutafuta mlango wa nyuma.

Jana Jumamosi alifika mapema, ameshika kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. Akawaita Mzee Muchiri, Mama Waithira na sisi wote, akasimama bila kiti, akasimulia kila kitu kama alivyonisimulia mimi. Halafu akalisugua jina lake mwenyewe. Rangi ya miaka kumi na tisa haitoki upesi, kaka. Alisugua mpaka jasho likamtoka, na aliponiona nataka kumsaidia akanikataza. Mzee Muchiri alikasirika, alizunguka bwawa lote peke yake. Aliporudi alimwambia kwamba kuanzia leo analipa getini kama watu wengine. Mzee Ishmael akalipa hapo hapo, na sijawahi kuona mtu akilipa kitu kwa furaha vile. Mama Waithira alikawia kidogo, kisha akamletea chai. Akamwambia hii ni ya Ishmael, ile nyingine ilikuwa ya samaki.

Mzee Muchiri alitaka kuandika jina langu. Nikakataa, kwa sababu samaki wangu hakupimwa. Lakini hiyo si sababu yote. Ningewezaje kuandikwa popote, Ndululu, wakati jina langu mimi nalo halijawahi kusuguliwa?

Unajua ninapoelekea. Usikunje hii barua. Endelea kumsomea Mama.

Mwaitu, unakumbuka fahali wa mjomba, yule tuliyemwazima wa kulimia, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alitoka bomani usiku, akala mtama mchanga wa jirani, asubuhi tukamkuta amekufa, tumbo limefura. Wiki hiyo zamu ya kufunga boma ilikuwa ya Ndululu. Baba alipouliza, Ndululu alisema ni yeye, alisahau. Akatolewa darasa la saba akaenda kumchungia mjomba ng'ombe miaka miwili, na shuleni hakurudi tena.

Mama, Ndululu alikuwa amefunga. Mimi ndiye niliyerudi bomani giza likiingia kufuata manati yangu. Nilifungua, nikatoka mbio, sikurudisha miiba. Ndara yangu moja ilinasa kwenye matope pale langoni, nikaiacha.

Asubuhi ile, kabla Baba hajaamka, ndara ilikuwa kando ya kitanda changu, imeoshwa. Wewe ndiye uliyeiosha, kaka. Hukuniuliza kitu, wala hujawahi kuniuliza hadi leo. Nimesoma mpaka kidato cha nne juu ya ndara ile. Baba alikufa bila kujua, na hilo sina namna ya kulirekebisha.

Kila Krismasi, wakati wa kulala, Mama husema geti lifungwe na Muia, kwa sababu Ndululu mnajua mambo yake. Watu wote hucheka, na wewe hucheka kuliko wote. Desemba iliyopita Mama alinipa mimi, ninayekaa Nairobi, ufunguo wa ghala, akisema wewe huaminiki na milango. Nikaupokea. Nimeishi nao mfukoni mwaka mzima, na kila nikiingiza mkono unanichoma.

Ufunguo huo uko ndani ya bahasha hii. Mama, naomba umkabidhi Ndululu kwa mkono wako, na kama una hasira, zilete kwangu, ni haki yangu. Nawe kaka, asante. Asante kwa ndara, kwa shule, na kwa kucheka kila Krismasi ili mimi nisijulikane. Mama akianza kunisema, nakuomba kitu kimoja tu: safari hii usinitetee.

Oyoo anawasalimu na kumwambia Mama kwamba akija Nairobi atamkaangia kitu kisicho na miguu. Syombua anawabusu watoto. Mzee Ishmael, nilipomwambia ninaandika na kwa nini, alisema nimsalimie yule kaka aliyefundisha bila fimbo. Mungu awanyeshee mvua ya kutosha na awape kuvuna. Krismasi nitakuja, Mama akiniruhusu, na nitalala mwisho baada ya wewe kufunga geti.

Ni mimi mdogo wako, niliyeacha boma wazi,

Muia