Baba, Ruhusa ya Nyumba Imetoka

Baba,

Ruhusa imetoka. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia vishindo vya waashi juu yako. Hilo ndilo gumu, na sijui nianzie wapi.

Nianze na matofali. Yale uliyoyachoma kwa ajili ya nyumba ya Mama, ukangoja karatasi ya Bulamatari, serikali ya wazungu, hadi kifua kikakumaliza, bado yapo. Tumeyafunika kwa majani, lakini mvua za Kabambare unazijua. Mama analala katika kile kibanda kinachovuja, ndoo hapa, sufuria pale. Nikasema nitakwenda biro, ofisini kwao, mimi, binti yako, wacha wacheke.

Walicheka. Karani akaniuliza, "Muko na plan? Bila plan, hakuna ruhusa." Mwalimu wa misheni akanichorea nyumba, jiko na choo. Wewe hatukukuchora. Unajua Bulamatari hataki wafu viwanjani, anawataka wote makaburini kule ng'ambo ya mto. Ulikataa kwenda huko, ukasema utalala karibu na mke wako, nasi tukakuzika hapa kimyakimya, bila msalaba.

Kisha mzungu wa viwanja akaja na kamba na vigingi. Nyumba zote lazima zishike mstari mmoja na barabara. Akavuta kamba ya katikati ya nyumba, na kamba ikapita juu yako, Baba. Juu ya tumbo lako. Akaliangalia tuta, akauliza ni kitu gani. Sahani yako na kikombe tulivyoviweka juu ya kaburi, Mama alikuwa ameshavificha chini ya kitenge chake. Akajibu bila kupepesa macho: "Ile ni tuta ya viazi, bwana."

Viazi! Wewe uliyekuwa ukisema ni chakula cha mbuzi. Ningecheka kama mzungu asingekuwa amesimama pale. Unakumbuka jirani yetu mfinyanzi, watu wa Bulamatari walivyomfukua mama yake, mifupa ikabebwa kwenye mkeka mchana kweupe? Neno la Mama lilikuokoa na aibu hiyo. Lakini mzungu akasema hatatoa ruhusa mpaka tuta lisawazishwe.

Mimi nilitaka tuache. Afadhali kibanda kivuje kuliko kufuta kaburi la baba yangu. Mama akanitazama kwa hasira.

"Ule muzee walimuhamisha akiwa muzima," akasema, "kutoka mugini, kijiji yetu ya zamani, mupaka hapa barabarani, mizigo kichwani. Tukiacha kujenga, kiwanja watapewa wengine, na hao watamuchimbua. Asihame tena. Leta jembe."

Nikalilima kaburi lako, Baba. Ilikuwa asubuhi, watu wakipita kwenda sokoni wakinisalimu, wakiniuliza kama nalima, nami nikiitikia. Sikuweza kulia mbele yao. Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma hivyo. Udongo ulikuwa bado laini. Nikausawazisha kwa viganja, kwa maana miguu sikuthubutu.

Mzungu akarudi, akaona pako sawa, akatia mkono wake kwenye karatasi. Karatasi inasema kiwanja ni kitupu.

Waashi wanaanza Jumatatu. Nimewaonyesha mahali pa kuchimba msingi, nao watapita mbali na kichwa chako na mbali na miguu yako. Hutaguswa. Mahali ulipo patakuwa chumba cha Mama. Kwetu kaburi halikanyagwi, na nilikuwa nikiwaza wajukuu zako watakavyokimbia humo ndani bila kujua. Mama ameshaliamua na hilo. Kitanda chake kitawekwa juu yako, na hakuna atakayekisogeza. Anasema ulikuwa ukimnung'unikia kwamba anakoroma, basi sasa utavumilia.

Nikitaka kukulilia sina tena pa kupiga magoti, na hilo linanichoma, sikufichi. Lakini Mama hatanyeshewa. Matofali ni yako, na uko ndani ya nyumba yako.

Lala salama, Baba. Mama akitangulia kuja kwako, usihofu kwamba chumba kitabaki wazi na watu waingie kukukanyaga. Nakuahidi, kitanda hicho nitakilalia mimi.

Binti yako,
Veronika