Makisio ya Mjane wa Ghorofa ya Tatu

3 Machi

Mdogo wangu, mpiga ramli wetu,

Habari za huko? Sisi wazima. Goti la mama ndiyo lile lile, linajua mvua kuliko redio. Wifi yangu na mimba yake wanaendeleaje?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa tunagombana kabla salamu hazijaisha. Filamu imekamilika. Miaka sita, ndugu yangu! Hadithi unaijua: mjane amebaki peke yake katika jumba kuukuu, chumba cha mumewe, ghorofa ya tatu, amekifunga kwa kufuli, na bado anasikia mtu akitembea humo ndani. Nimeipeleka kwenye kampuni yenu ya usambazaji, na nasikia makisio umepewa wewe: itajaza viti vingapi, itafika kwenye tuzo au haitafika. Ninyi mkiikataa, hakuna mwingine wa kuichukua. Itakufa kabatini.

Ofisini kwenu hawajui kwamba tumetoka tumbo moja, maana mimi natumia jina la mume. Sikuombi unibebe. Nataka ukweli, ila niupate kabla yao.

Dada yako

12 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Wifi yako anakula ndimu na maganda yake.

Onyesho la majaribio lilikuwa jana, watu mia na ishirini. Nilikaa kama marehemu baba alivyonifundisha enzi zake za kuonyesha sinema: kigoda chini ya skrini, mgongo kwenye picha, macho kwa watu. Alikuwa akisema picha hudanganya, nyuso hazidanganyi. Mwaka wa kumi na moja huu nafanya hivyo, na bosi ananiamini kuliko kalenda.

Dada, mayowe yalikuwa manne tu. Filamu ya kutisha inayouza haipungukiwi mayowe thelathini. Bawaba za ule mlango zilipolia, jamaa wa mstari wa tatu alipiga miayo. Nusu saa ya mwisho watu waliduwaa, hakuna hata aliyekohoa, na taa zilipowaka walibaki vitini. Nimeandika: wamechoka.

Makisio yangu: wiki ya kwanza theluthi ya viti, wiki ya tatu imeondolewa. Tuzo, labda ya mavazi, au ya lile jumba. Majaji hawapendi mizimu. Nashauri isiende kwenye kumbi. Ripoti naipeleka Ijumaa.

Uliomba ukweli. Nisamehe.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na zangu chukua hizo hizo.

Hivi umeipa mgongo filamu yangu? Miaka sita nimehangaika na mwanga wa mshumaa mmoja, wewe ukakaa unahesabu vinywa vya watu kama daktari wa meno! Mtu aliyeguswa na kitu chake mwenyewe hapigi yowe. Ananyamaza. Baba alitazama nyuso, sawa, lakini filamu zenyewe alikuwa amezitazama mara ishirini kwanza. Wewe umeshika nusu ya somo.

Itazame. Ukitaka kuandika yale yale, yaandike, sitakulaumu. Ila uitazame kwanza. Nimekuja na barua hii posta mbiombio na kandambili za jikoni ili ikuwahi kabla ya Ijumaa.

Dada yako

18 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Barua yako ilinifikia Jumamosi. Ripoti ilikwenda Ijumaa saa nne, na bosi aliitia sahihi kabla ya chai.

Jana nilimwomba mtunza stoo anifungulie chumba kidogo cha maonyesho. Nilikaa kwenye kiti kama watu wengine. Mjane alipovunja kufuli na kukuta chumba hakina mzimu, na akaona vumbini kwamba nyayo zote ni zake mwenyewe, za kutembea usingizini, nilimwona mama mwaka ule tulipomzika baba. Nililia mpaka mtunza stoo akaniletea maji. Taa zilipowaka sikuweza kusimama. Wale mia na ishirini hawakuwa wamechoka, dada. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kesho naingia kwa bosi kuyazoa. Atataka kujua kwa nini nimegeuka. Itabidi nimwambie kwamba kwa miaka kumi na moja nimezikisia filamu bila kuzitazama, na kwamba mwenye hii ni dada yangu. Wifi yako amesema niende. Naogopa sana.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Wifi je? Hii ni barua ya tatu, mbili hujajibu. Nimeona barua ya kampuni yenu, na kwenye mstari wa mkisiaji kuna sahihi ya mtu nisiyemjua. Nimeelewa kazi huna.

Wameipa kumbi nne, wiki moja. Tuzo hatumo: kanuni za majaji zinakataa filamu iliyopimwa na ndugu wa mtengenezaji. Nakwambia wazi, nilikasirika hadi nikatupa sahani. Ungemwambia bosi hukuitazama, basi, inatosha! Habari ya udugu nani alikuuliza? Kumbi umenipa wewe, na tuzo umeninyima wewe.

Onyesho la kwanza walikuja hamsini na mmoja. Juzi walikuwa mia na arobaini. Wiki ya pili sijui, na wewe sikuulizi.

Mama nilimpeleka siku ya kwanza. Ilipoisha watu walikaa kimya, naye akanishika mkono, akasema, "Kumbe mlikuwa mnanisikia." Miaka yote hiyo alidhani hatujui habari za kutembea kwake usiku. Nikamwambia tulikuwa tunajua wote wawili, lakini mimi nilikuwa najifunika shuka kwa hofu. Aliyekuwa anatoka kumshika mkono na kumrudisha kitandani ni wewe, ukiwa na miaka minane.

Amekutandikia kitanda. Mimi hasira bado ninayo. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako