Kokoto Iliyobaki Kwenye Koti

Jumapili, 18 Oktoba 2009
Crescent Town, Toronto

Jua la leo ni lile la uongo. Ukiliangalia kupitia dirishani utadhani la Moshi, ukifungua mlango baridi inakupiga meno yanagongana. Nimevaa koti la mwaka juzi, lile ambalo mfuko wake umetoboka na kila wiki najiambia nitaushona. Sijaushona.

Niliamka na moyo mzito. Jana Elisante, mdogo wangu anayekaa nyumbani Machame, alinipigia simu. Mvua zimelididimiza kaburi la Mama. Msalaba wa mbao umeinama, na mbuzi wa jirani wanapanda juu yake kama kichuguu. Fundi amepatikana. Desemba ukoo wote utakuwa nyumbani kama kawaida yetu Wachagga, na wazee wanataka lijengewe.

"Dada, wewe ndiye kifungua mimba," akasema. "Bila neno lako hakuna atakayeligusa. Unakuja, au tujenge?"

Nilimwahidi kumjibu leo.

Desemba ya mwaka juzi walinisubiri. Ya mwaka jana pia. Makaratasi yangu ya ukaazi bado yako kwa watu wa uhamiaji, na nikitoka Canada kabla hawajanijibu, kurudi ndiyo basi tena. Ndiyo maana Mama alizikwa mimi niko huku, nimejibanza kwenye korido ya hoteli ninakofanya usafi, simu sikioni, nasikiliza watu wa kwetu wakiimba mpaka salio likaisha.

Sasa ngoja niandike ukweli, maana sina mwingine wa kumwambia. Sitaki walijengee. Kaburi likibaki udongo, bado kuna kazi nyumbani inayonisubiri mimi. Wakishamwaga saruji, kila kitu cha Mama kitakuwa kimekwisha na mimi sikuwepo hata kwenye kimoja.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa asubuhi, nimeketi na simu mapajani, Mama Shirin alipogonga mlango.

Mama Shirin anakaa ghorofa ya chini yangu. Ni mjane, Muismaili, mzaliwa wa Tanga, na alikuja Canada na wakwe zake wakati mimi bado nanyonya. Ana Kiswahili kitamu cha pwani na hana wa kukila naye, kwa sababu wajukuu wanamwelewa vizuri sana ila wanamjibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo amenichukua mimi. Maktabani aliona tangazo: ziara ya bure ya kutembezwa mitaa ya zamani ya Wayahudi wa Toronto, halafu basi linawapeleka makaburini kwenye kumbukumbu za Vita vya Pili vya Dunia.

"Vaa twende," akaniambia. "Ukikaa humu na hiyo simu utaota uyoga."

"Mama Shirin, kwani sisi Wayahudi?"

"Kwani ulipokwenda Niagara wewe ulikuwa maji?"

Nikavaa.

Mwongozaji wetu ni bibi mmoja anaitwa Miriam, rika la Mama Shirin, koti jekundu, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitupitisha vichochoro vya soko la Kensington. Hapa palikuwa duka la samaki, akasema. Hapa waliuza kuku wazima. Ghorofani pale palikuwa na sinagogi dogo, chini yake fundi cherehani. Kule Spadina viwanda vya nguo, wasichana wanashona kutwa nzima. Mimi nilitazama nikaona maparachichi, jibini na magauni ya mitumba. Yeye alikuwa ananyoosha kidole mahali ambapo hapana kitu, na ungeapa anaviona.

Nilimgeukia Mama Shirin nimtanie, nikakuta machozi yanamlengalenga.

"Hivi ndivyo ninavyowafanyia wajukuu na picha za Tanga," akasema. "Hapa duka la baba. Hapa jamatkhana yetu ya kusalia. Wananitazama tu, maskini."

Nikamshika mkono tukapanda basi.

Makaburini kaskazini huko, njia ya Bathurst, kuna vilango vilango, na juu ya kila kilango jina la mji. Miriam alieleza kwamba watu waliotoka mji mmoja kule Poland, walipofika hapa, waliunda chama na kununua kipande chao cha ardhi ili wazikane. Nilitaka kuruka. Chama cha kuzikana! Kumbe na wao! Sisi Watanzania wa huku tunacho chetu, mtu akifariki tunachanga asafirishwe nyumbani. Miriam akasema wao, baada ya vita, hapakuwa na nyumbani kwa kusafirishwa.

Kisha akatuingiza kilango kimoja, akatusimamisha mbele ya jiwe refu jeusi lenye majina mengi ya familia. Ni watu wa mji huo waliobaki kule na kuuawa wakati wa vita, wazee kwa watoto wachanga, kwa sababu tu ni Wayahudi. Chini ya jiwe lile hakuna aliyezikwa. Hawana kaburi popote.

Watu walitulia kumsikiliza. Mimi, Mungu anisamehe, macho yangu yalikuwa kwenye uchafu.

Kibarazani pa jiwe, chini ya majina, majani makavu yalikuwa yamelowa na kuganda, na kokoto zimetapakaa ovyo, kubwa kwa ndogo, kana kwamba watoto walicheza pale wakaondoka. Nikaumia kweli. Mimi na uchafu hatupikiki chungu kimoja. Na kwetu ukifika nyumbani Desemba, hata chai hujanywa, unachukua ufagio unakwenda kihambani, lile shamba la migomba la ukoo, kwenye makaburi. Unafagia majani ya migomba, unaokota takataka, unafuta msalaba. Mtoto unayeacha takataka kwenye kaburi la mama yako, wewe ni mtoto gani? Na tangu Mama afe, mimi sijapata kaburi la kufagia.

Basi nikavua skafu nikaanza kazi.

Majani nikayakung'uta. Kokoto nikazizoa kiganjani, na kwa kuwa pipa sikuliona, nikazitia mfukoni mwa koti, kama ninavyofanya kazini na vikorokoro vya wageni. Nililifuta jiwe lile kwa moyo wangu wote, jamani. Nililifuta huku machozi yananitoka, na kusema kweli nilikuwa nimeshasahau ni la nani.

Nilipogeuka, kundi zima lilikuwa linanitazama. Miriam alikuwa ameachia sentensi yake katikati.

"Aika!" Mama Shirin akanong'ona kwa nguvu kuliko kama angepiga kelele. "Umefanya nini, mwanangu? Hayo mawe yamewekwa na watu!"

Kumbe Miriam alikuwa ameshaeleza, mimi nikiwa na uchafu wangu: Wayahudi hawapeleki maua kaburini. Wanaweka jiwe. Kila anayezuru anaokota jiwe dogo analiweka pale, kuonyesha kwamba amefika. Na mimi, mgeni niliyekuja bure, nilikuwa nimefagia ziara za watu za miezi na miezi na kuzitia mfukoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Nikajaribu kujieleza, na Kiingereza changu, ambacho kazini hakinisumbui, kikakimbia chote. Kwetu tunafagia, nikasema. Desemba. Mama yangu. Sijafika. Vipande vipande hivyo hivyo. Mama Shirin akaingilia akanisaidia, akaeleza mambo ya kihamba kana kwamba kazaliwa Machame. Miriam alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza Mama amezikwa wapi. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya kujengea, kwamba wananisubiri mimi nami nasubiri makaratasi. Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani mtu ukishaaibika hadharani unakuwa huna tena cha kuficha.

Alinyoosha kidole kwenye jina moja katikati ya jiwe. "Hawa ni wazazi wa mama yangu na wadogo zake," akasema. "Mama peke yake alikuwa ameshakuja Canada. Chama kilipotaka kusimamisha jiwe hili, aliwakatalia majina yao yasiandikwe. Alisema, tukiandika, sisi ndio tutakuwa tumewaua. Labda mmoja atatokea. Miaka ikapita, pale kwenye jiwe wamemwachia nafasi wazi."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu siku moja akasema ameshachoka kuwalilia njiani. Anataka mahali pa kukaa nao. Wakaandika." Akaliangalia jiwe. "Baada ya hapo tulikuwa tunakuja kila vuli. Na mama yangu angekupenda. Alikuwa mtu wa kufutafuta vitu."

Akacheka, na macho yake yamejaa, na mimi ndiyo nikalia sasa kilio chenyewe.

Tukazirudisha kokoto. Mimi, Miriam na Mama Shirin, tukazitoa mfukoni na kuzipanga. Niliuliza kama kuna mpangilio, Miriam akasema hakuna, ziwepo tu. Akaniambia kama nataka niongeze na yangu. Niliinama, nikaokota moja njiani, nikaishika, nikaiacha. Kuiweka ni kusema nimefika. Na yule niliyekuwa namlilia mimi, kwake sijafika.

Langoni kuna bomba, wanaotoka wananawa mikono. Kama kwetu tukitoka kuzika. Maji yalikuwa ya barafu lakini nilinawa taratibu, nikitamani ndoo na kata na shangazi zangu wamepanga foleni.

Ndani ya basi Mama Shirin hakunitania, na si kawaida yake. Karibu na kufika akasema tu, "Mpigie huyo mtoto, usimlaze na mawazo."

Sijilinganishi na watu wale. Mama alifia kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Elisante, akazikwa na watu wakiimba. Wale wa kwenye jiwe hakubaki hata wa kupiga simu kuuliza, tujenge au tukusubiri? Mimi nimepigiwa simu miaka yote hiyo, na bado nilikuwa nanuna.

Huku jua lilikuwa bado juu, kwao usiku umeshaingia. Elisante alipokea papo hapo. Alikuwa ameikalia simu.

"Dada. Unakuja?"

"Jengeni."

Nikasikia mbwa anabweka uani, na nisijue kama ni yule yule wetu au wamefuga mwingine.

"Tunaweza kukusubiri tena," akasema. "Hakuna anayelalamika, dada. Mimi mbuzi nitawafukuza."

"Jengeni, Elisante. Mama amenyeshewa vya kutosha. Ila juu pawe bapa."

"Bapa? Fundi anataka apandishe mgongo maji yateremke. Pakiwa bapa yatatuama."

"Yatuame. Mtapangusa."

"Sasa bapa ya nini?"

"Nataka pa kuweka kitu nikija."

Elisante si mtu wa maswali mengi, katika hilo amemrithi Mama. "Haya, dada," akasema. "Nitamwambia. Ukija utapakuta bapa."

Baada ya simu nilikaa pale kitandani. Nilitegemea kulia, kilio hakikuja. Nilikuwa nawaona tu: shangazi na vijungu vyao vya chai, watoto wanakanyaga saruji mbichi na kufukuzwa, Elisante anashikilia ubao wa fundi. Wote wapo. Mahali pangu tu pamebaki wazi. Nimemkumbuka Mama leo mpaka harufu ya kanga zake, ile ya moshi wa jikoni na sabuni ya mche, na hakuna duka Toronto nzima linaloiuza.

Nimelitundika koti, likagonga ukuta, ko!

Nimepapasa. Ndani kabisa ya bitana, imepenya kwenye lile tundu ambalo sikulishona, kuna kokoto moja. Ya kijivu, laini, ndogo kama punje ya maharage. Mtu fulani aliinama akaichagua, akaiweka pale kuwaambia watu wake kwamba amefika, na mimi nimeibeba mpaka Crescent Town.

Lo, Aika wewe.

Sasa iko hapa mezani mbele yangu ninapoandika. Nimejaribiwa, nakiri. Nimeishika na nimefikiria kuitia kwenye bahasha nimtumie Elisante, aiweke juu ya saruji kwa niaba yangu. Lakini ile ni safari ya mtu mwingine, na Mama angeijua mara moja kwamba si ya kwangu. Alikuwa anajua hata kikombe kilichooshwa na nani.

Kesho zamu yangu ni ya jioni. Asubuhi nitaushona huu mfuko, kisha nitapanda basi la Bathurst nikairudishe kwa watu wake. Yangu sitaitafuta huku. Iko kule mtoni chini ya kihamba, imelala majini, nami nitaiokota mwenyewe siku hiyo, kabla hata ya chai.