Tumemsamehe Baba, Kesi Hatukuifuta

Kapteni Namnyaki,

Shikamoo. Najua ungecheka. Ulinizidi miaka mitatu tu, na kila nilipokuamkia hivyo ulinirushia soksi. Lakini tangu tukuzike Nduruma nimekosa mtu wa kumwamkia kwa moyo, na leo nina jambo la kukueleza mwenyewe.

Tumemshitaki Baba.

Ndiyo, Baba yuleyule wa sisi wasichana wote, mwenye timu. Aliyetununulia jezi, aliyetuchinjia mbuzi kila Pasaka, aliyelia msibani kwako mpaka wazee wa kanisa wakamshika mikono. Jeneza lako alilinunua yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini mimi nilikuwepo siku goti lako lilipoharibika. Nilikuwepo pia ofisini kwake wiki iliyofuata, ulipouliza habari za matibabu, akakujibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, mkataba wako umeisha na msimu huu. Nenda nyumbani upumzike." Hukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Tulisaini wote juu ya boneti ya gari lake, kalamu moja ikizunguka timu nzima, na zile karatasi za Kiingereza zikarudi kwenye bahasha yake. Kuomba kuzisoma kwanza ilikuwa sawa na kumwambia baba yako humwamini. Mimi nilisaini huku natafuna muhindi.

Ukaenda kulima vitunguu ukiburuta mguu. Miezi minane baadaye ile pikipiki... Hapo sitaki kuandika. Nasema hili tu: ungetibiwa, siku ile ungekuwa mazoezini na sisi. Nina hasira hiyo mpaka leo, wala sioni haya.

Tulipoanua matanga wenzangu wakanipa kitambaa chako cha unahodha. Nilikikataa mara mbili. Mimi kipa, nimezoea kusimama nyuma na kupiga kelele. Kazi ya kwanza niliyotaka kuifanya ilikuwa ndogo: kila mchezaji apewe nakala ya mkataba wake. Nikamwomba Baba, akacheka. Nikamwomba tena, akasema tumeanza kuharibiwa na watu. Mara ya tatu akanionyesha mlango.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinikemea nikimfokea refa. "Kelele haziingii kwenye ripoti. Nenda kwa kamisaa, mwambie aandike." Basi mechi yetu ya nyumbani, filimbi ya kwanza ilipolia, sote kumi na mmoja tukaketi chini kwenye nyasi. Dakika moja tu. Wapinzani wakaduwaa na mpira miguuni. Mmoja alidhani tunasali, naye akafumba macho. Halafu tukainuka, tukacheza. Mapumziko nikamwendea kamisaa wa mchezo, mama mmoja mwenye miwani, nikamwambia aandike kwamba wachezaji wanaomba nakala za mikataba yao.

"Una uhakika, mwanangu? Nikiandika inakwenda ligi, hairudi."

Nikamwambia andika, mama.

Ligi ikaita pande zote mbili mbele ya kamati yake. Baba naye akatangaza kwamba tukiendelea, atauza nafasi yetu ya ligi kwa watu wa mkoa mwingine, jina la timu lifutwe, na sisi tubaki tukiangalia mlima. Na anaweza, unajua ilivyo, timu ni mali yake. Wawili kati yetu walilia. Mmoja akaniambia usoni, "Wewe kwenu Sekei mna duka. Mimi nina mpira tu."

Jumamosi kabla ya shauri, kaka mkubwa wa Baba akaja nyumbani na jani la isale limefungwa fundo. Ninyi Waarusha mnashika majani mabichi mkiomba amani, kwa hiyo utanielewa. Kwetu Wachaga isale ikiletwa mlangoni, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Mzee hakusema mengi. Alisema, "Mdogo wangu amekosa. Anaomba yaishe." Mama yangu akaninong'oneza, "Isale hairudishwi, mwanangu. Ni laana." Nikaipokea kwa mikono miwili, na kweli nilimsamehe, Kapteni. Nilimwonea huruma yule mzee wa watu.

Ila "yaishe" maana yake nini? Jumapili kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Tuliporudi nikamkuta Mama anamenya ndizi, nikamuuliza: isale inanitaka nimsamehe, inanitaka pia nikamfichie makosa yake? Akamenya ndizi tatu nzima kabla ya kujibu.

"Hilo haisemi," akasema. "Nenda, lakini umwamkie kwanza."

Nilimwamkia. Mwenyekiti wa kamati akauliza kama ni kweli tumesuluhishwa. Nikasema nimepokea isale, nimemsamehe, kesi siifuti. Baba akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Unapokea isale halafu unanishitaki?" Nikamwambia, "Baba, kinyongo sina. Lakini goti la mtu halitibiwi na msamaha wangu."

Wakaamuru bahasha ifunguliwe. Katibu wa kamati akaanza kusoma jina moja moja, na katikati ya majina yetu akasoma lako. Hakuna aliyekumbuka kulitoa. Mkataba wa misimu mitatu, Kapteni. Uliumia katika msimu wa pili. Na kifungu kipo, kwamba mchezaji akiumia kazini timu itamtibu.

Baba akasema hakujua, mikataba inaandikwa na mtu wake wa ofisini na yeye hajawahi kuisoma hata mmoja. Unajua kitu? Nilimwamini. Alisaini kama tulivyosaini sisi.

Kamati imeamua kila mchezaji apewe nakala yake, na mkataba wowote usomwe kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa. Kuuza nafasi kumezuiwa mpaka msimu uishe. Baada ya hapo sijui, tutapambana nalo likija. Kuhusu wewe walisema mlalamikaji hayupo, kwa hiyo hakuna shauri. Nilisimama nikapinga, wakaniambia nikae. Sikukaa mpaka waliponipa nakala yako. Ninayo hapa mezani, na saini yako iliyopinda kama njia ya kwenda kwenu.

Siku ya mazishi mama yako alinishika mkono akaniuliza kwa nini timu ilimfukuza binti yake, alikosea nini. Nilimjibu upuuzi, Mungu anisamehe. Mpaka leo anaamini hukutosha, ukatupwa.

Jumapili hii nakwenda Nduruma. Nitamsomea karatasi hii mstari kwa mstari, na mdogo wako atamfasiria Kimaasai, mpaka tufike kwenye tarehe ya mwisho wa mkataba. Nimeihesabu mara nne nisije nikakosea mbele yake. Kisha nakuahidi nitarudi kwenye kamati, nao watachoka kabla yangu.

Lala salama, Kapteni wangu. Hukufukuzwa. Siku tunakuzika ulikuwa bado mchezaji wetu.

Kipa wako,
Aikande