Mshiriki wa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Jarida limekubali makala yangu! Miaka sita ya kuuliza watu kwa nini wananunua vitu wasivyovitumia — hatimaye. Nikazunguka idarani nikitafuta mtu wa kumwambia. Milango yote imefungwa. Nikamwambia mama anayesafisha korido. Akanipongeza, akaniomba nisogee apige deki.

Sharti moja: mhariri anataka fomu za ridhaa za wote thelathini niliowahoji. Ninazo ishirini na tisa.

Jumanne, 4 Machi
Inayokosekana ni ya dada. Nani humpa dada yake fomu? Nilikaa tu sebuleni kwake, akikunja nguo na kupiga soga, mimi nikiweka yote kichwani. Kwenye makala ni Mshiriki wa Saba: fundi cherehani, mjane, ana kabati la vioo lenye sahani ambazo hazijawahi kutumiwa. Nimeandika kwamba anaishi kwa “hadhi ya kuazima”. Nilijivunia maneno hayo wiki nzima, mshenzi mimi.

Mkuu wa idara anasema bila makala hii nisahau kupanda cheo, na mkataba wangu unaisha Juni. Nikauliza, je, nikimwondoa huyo mmoja? Akasema makala yote imesimama juu yake. Kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekula peke yangu tena. Nikampigia dada mara mbili, nikakata kabla haijaita. Ndiye mtu pekee anayenipigia bila shida ya kazi. Nikimpoteza huyo, simu yangu itabaki kuwa saa tu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumamosi, 8 Machi
Niko kwa dada. Kanikumbatia mlangoni, kasema nimekonda. Nikatoa fomu, makala nikaiacha mkobani, nikamwambia ni makaratasi ya ofisi tu. Akashika kalamu — alikuwa karibu kusaini! Halafu akauliza kama yeye yumo humo kwenye kitabu changu.

Nikasema yumo.

Lo, alivyofurahi! Akasema hakunisomesha bure. Akabadilisha gauni. Akamwita jirani dirishani, aje asikie mdogo wake alivyomwandika.

Naandika haya chooni, daftari gotini. Nimevuta maji mara mbili, hakuna kilichobadilika. Huko nje viti vinaburutwa. Jirani kaja na mama yake.

Dada anagonga mlango, taratibu.

“Mdogo wangu, tumeshakaa. Njoo utusomee.”